Saini Niliyomtungia Mume Wangu

Mliokuwa nami wiki iliyopita mnajua nilipoishia. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wakili, mkoba mapajani, nasubiri barua ya mtaalamu wa maandishi. Waliokosa nawapa kwa kifupi, maana gazeti lina nafasi yake na mimi nina pumzi zangu.

Mume wangu, fundi kufuli, alifariki. Hatukujaliwa mtoto. Aliacha nyumba ya vyumba vinne, kibanda cha kazi na wosia. Wosia ulisema nyumba yote ni yangu.

Mdogo wake alifika siku ya tatu ya msiba. Alinipa pole, akanywa chai, kisha akatoa futi mfukoni akaanza kupima vyumba. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Futi. Jina sikulianzisha mimi. Niliendeleza tu.

Futi alikwenda mahakamani akaweka pingamizi. Alisema wosia ni wa kughushi, na aliyeghushi ni mimi. Sasa, bila wosia nyumba inauzwa na kugawanywa: mimi napata fungu langu kama mjane, Futi anapata lake kama ndugu. Fungu la nyumba linapendeza sana kwenye karatasi. Jaribu kulala ndani yake.

Hapo ndipo tulipokuwa.

Wakili wangu ni binti mwembamba mwenye miwani mikubwa, umri wa kuwa mjukuu wangu kama ningekuwa na mjukuu. Alifungua bahasha kwa rula, akasoma. Akarudia kusoma. Nilishamwona daktari akifanya hivyo na karatasi ya mume wangu, nikajua.

Akaniambia mtaalamu amelinganisha saini ya kwenye wosia na saini nyingine kumi na moja za marehemu: za benki, za ofisi ya maji, za leseni ya kibanda, ya mkataba wa kiwanja, na za barua ambazo Futi mwenyewe alizipeleka. Zile kumi na moja ni mkono mmoja, mkono mwepesi wa mtu aliyezoea kalamu. Ya kwenye wosia ni mkono mwingine kabisa, mzito, unaotetemeka, unaokwenda herufi moja baada ya nyingine kama mtu anayepanda ngazi gizani.

Kwa kifupi, aliyesaini wosia siye aliyesaini zile kumi na moja.

"Bibi, umeelewa maana yake?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeelewa, na kwamba mtaalamu yule anaijua kazi yake, kila alichosema ni kweli tupu.

Akavua miwani. Alidhani nimekiri kuughushi wosia. Nikamwomba afunge mlango.

"Ya kwenye wosia ni ya mume wangu," nikasema. "Zile kumi na moja ndizo zangu."

Nje karani wa yule binti alikuwa anagonga mashine, nayo ikanyamaza. Nadhani alikuwa na masikio marefu.

Basi nikamwaga yote, na ninyi wasomaji mnayapata kama alivyoyapata yeye.

Mume wangu hakukanyaga shule. Alilelewa na mjomba aliyekuwa fundi, mbali na mdogo wake, akawekwa mbele ya kufuli akiwa na miaka saba, na mpaka anakufa hakuna kufuli lililomkatalia. Lakini herufi zilimkatalia zote. Mimi nilimaliza darasa la saba, na hati yangu ilikuwa inasifiwa mpaka na mwalimu aliyekuwa hanipendi.

Wengine wasiojua kuandika huchovya kidole gumba kwenye wino na maisha yanaendelea. Yeye alikataa. Alisema fundi mwenye wino kidoleni ametangaza kwa mtaa mzima kuwa hajui kusoma, na nani atampa mtu kama huyo ufunguo wa duka lake. Kwa hiyo nikamtungia saini.

Niliitunga jikoni, nyuma ya kalenda. Ilikuwa na herufi kubwa ya mwanzo yenye tumbo, na mkia mrefu unaorudi nyuma ukapita chini ya jina lote. Meneja wa benki aliwahi kumwambia kwamba ana saini ya kiongozi. Aliporudi nyumbani alinisimulia bila kucheka, kama vile ilikuwa yake kweli. Saini yangu mwenyewe ni kama mdudu aliyekanyagwa. Yote mazuri nilimpa yeye. Ile ya kwenye wosia sikuiandika mimi, na nani alimfundisha kuiandika sikujua.

Wakili akauliza tuliwezaje, miaka yote hiyo, mbele za watu.

Nikamweleza kwamba mume wangu alikuwa anasahau miwani. Kila ofisi aliyoingia, alijipapasa mfuko wa shati, akatikisa kichwa, akasema amesahau miwani, naomba fomu hii nikaisome nyumbani. Kesho yake anairudisha imejazwa na kusainiwa. Walimheshimu sana. Walisema huyu mzee hasaini asichokisoma. Miwani yenyewe hakuwahi kuwa nayo. Mwaka fulani nilimnunulia, kwa nia njema, akaikalia siku hiyohiyo. Alisema ni bahati mbaya. Alikuwa ameiweka kitini kwanza.

"Na cheti cha ndoa?" wakili akauliza. Alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

Nikamwambia cheti cha ndoa ndicho kilichotutoa jasho, kwa sababu msajili hakukubali kiende nyumbani. Ila aliinama chini ya meza kutafuta muhuri uliokuwa umebingirika. Alipoinuka akakuta saini zote mbili zipo. Bwana harusi alikuwa anapuliza wino ukauke.

"Kwa hiyo ulisaini kama bi harusi," akasema taratibu, "kisha ukasaini kama bwana harusi."

"Nilianza na bwana. Mume ndiye wa kwanza kwenye fomu."

"Bibi, kwa mujibu wa karatasi hizi, umejioa mwenyewe."

Nikamwambia basi ndoa yangu ilidumu, maana sikuwahi kujiacha.

Hakucheka. Mawakili wa siku hizi hawacheki saa za kazi. Alisogeza kiti akanieleza mambo mawili, na aliyaeleza vizuri mpaka mtu wa darasa la saba akayaelewa.

La kwanza, nikinyamaza, wosia unakufa, lakini ninabaki mjane halali na fungu langu napata.

La pili, nikisema, huenda hakimu akaniamini na wosia ukapona, nyumba yote ikawa yangu. Lakini asiponiamini, nitakuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba nimeghushi saini za mume wangu tangu siku ya harusi, pamoja na ya harusi yenyewe. Hapo Futi atasema mimi hata mjane si mjane. Wosia utakwenda, na fungu litakwenda.

"Na jela?" nikauliza.

Akasema kwa umri wangu hadhani. Nikamwuliza kama huko kuna ngazi, kwa ajili ya magoti. Akasema hajui. Nikamwambia atafute kujua.

Nilikwenda nyumbani nikakaa kwenye kiti cha mume wangu, nikazitazama kuta. Vyumba vinne. Kimoja tulikijenga kwa ajili ya watoto, tukaja kukijaza funguo. Kuna funguo elfu na kitu mle ndani, zimening'inia kwenye misumari, na nikipita upepo wangu unazigusa zinalia. Futi alipokipima chumba hicho alisema ni kidogo.

Nikakata shauri. Nitasema.

Siku ya kesi mahakama ilijaa, na nawalaumu ninyi mnaosoma gazeti hili. Chumba kina feni moja inayozunguka kwa shida, na dirisha limeshikiliwa lisijifunge kwa jalada nene la kesi ya mtu. Nikajiuliza ni ya nani na kama anajua.

Futi alisimama wa kwanza. Hana wakili. Alisema ukweli hauhitaji wakili. Alivaa koti la kaka yake, ambalo mimi ndiye niliyempa, kabla ya futi kutoka mfukoni.

Akasema yeye anaijua saini ya kaka yake kuliko mtu yeyote duniani, maana kaka yake alimwandikia barua kwa miaka thelathini. Wao walikuwa wanaishi mbali. Kaka alikuwa na mdomo mzito, mkikaa naye siku nzima atakwambia maneno manne, lakini kwenye barua, Mheshimiwa, alikuwa mtu mwingine. Kwenye barua alikuwa anafunguka.

Mimi nikatazama feni.

Ni kweli alikuwa anafunguka. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Mwambie aache upuuzi." Nami nilikuwa naandika: Mdogo wangu mpenzi, nimekuwa nikikuwaza, na kwa kuwa nakupenda naona nikushauri jambo. Ukurasa mzima hivyo. Nilimtia chumvi na sukari na iliki. Nilifurahia kuandika, sifichi. Ilikuwa ndiyo nafasi yangu pekee ya kuandika.

Kisha Futi akatoa pochi, na ndani ya pochi akatoa karatasi iliyotiwa kwenye plastiki ili isichakae. Akasema hii ndiyo anayotembea nayo. Mtoto wake wa kike alifariki akiwa na miaka sita. Kaka hakuweza kuja kuzika, alikuwa hospitali, amevunjika mguu. Akaleta barua hii.

Hakimu akamruhusu asome kidogo.

"Mdogo wangu," Futi akasoma, "mtoto huyu nilikuwa nikimhesabu wangu, maana mimi sina mwingine. Usiseme umebaki mwenyewe. Tumebaki wawili."

Hakuendelea. Alifuta macho kwa mkono wa koti la kaka yake, akasema mtu aliyeandika maneno haya na kusaini hapa chini ndiye kaka yangu, na huyo aliyesaini wosia simjui.

Feni, ningeapa, ilipunguza mwendo.

Sasa zamu yangu. Nikala kiapo, mkono juu, kwamba nitasema kweli na kweli tupu. Nikakaa. Wakili wangu akaniuliza maswali yake moja baada ya jingine, nami nikajibu. Kumi na moja ni zangu, ya kumi na mbili ni yake. Watu walianza kunong'ona kwenye ya benki, wakaanza kucheka kwenye miwani, na kwenye cheti cha ndoa karani wa mahakama akaacha kuandika ili anitazame vizuri.

Hakimu hakucheka. Ni mtu mzima, mfupi, mwenye sauti ya chini ambayo inakulazimu kuinama. Akaamuru nipewe karatasi nyeupe na kalamu, nisaini saini ya marehemu mara kumi mbele yake.

Nikasaini. Herufi ya tumbo, mkia chini, mara kumi, bila kuinua kalamu. Mkono wangu una baridi yabisi na hauwezi kufungua chupa, lakini saini ile unaijua wenyewe. Karani akaipeleka juu. Hakimu akalinganisha na zile kumi na moja, akashusha pumzi.

Futi akaomba kuziona. Akaiweka plastiki yake pembeni ya karatasi yangu. Alizitazama muda mrefu, macho yakienda huku na huku. Kisha akaomba ruhusa kuniuliza, na kwa vile hana wakili, akaruhusiwa.

"Shemeji," akasema. "Na barua zangu?"

"Za kwako zote niliandika mimi, shemeji."

"Na yale maneno? Mdogo wangu mpenzi, na nini?"

Nikamwambia kaka yake alisema kiini, mimi nikaongeza heshima.

Niliona anapitisha miaka thelathini kichwani, barua kwa barua, na kila aliyoipitisha inaanguka. Nilikuja pale kumpokonya nyumba, na nilikuwa tayari kabisa. Sikujua kwamba ningempokonya na kaka.

"Na hii?" akauliza. Aliishika plastiki kwa mikono miwili. "Hii ya mwanangu. Niambie ukweli. Na hii?"

Wasomaji wangu, nimewaahidi kuungama, basi shikeni hii. Siku ile, saa ya kuwaona wagonjwa, mume wangu alikuwa kitandani, mguu umening'inizwa. Nilimpa habari ya mtoto. Akasema, "Mwandikie." Kisha akageukia ukutani, na hakusema neno lingine mpaka kengele ilipolia tukatolewa. Nikaandika mwenyewe, pembeni ya kitanda, karatasi juu ya goti. Yule asiye na mwingine alikuwa yeye. Alikuwa mimi pia.

Nilikuwa kwenye kiapo. Nilikuwa nimetoka kusema kweli saa nzima, mpaka nimeizoea.

"Ile alisema yeye," nikasema. "Neno kwa neno. Mimi nilikuwa mkono tu."

Futi akaitazama plastiki, akaitazama sura yangu, akairudisha karatasi kwenye pochi taratibu. Akasema hana swali lingine. Wakili wangu alinikodolea macho, kwa sababu yeye nilikuwa nimemsimulia ya hospitali kama nilivyowasimulia ninyi. Nikamkwepa.

Hapo nikadhani nimemaliza. Nyumba nimeokoa, shemeji nimempoza, uongo mmoja tu katika kweli nyingi. Bei nafuu.

Hakimu akaweka kalamu chini.

Akasema amenisikiliza kwa makini. Amekubali kwamba zile kumi na moja ni mkono wangu, nimemthibitishia mara kumi. Lakini alichothibitishiwa hasa, akasema kwa sauti yake ileile ya chini, ni kwamba mbele yake yuko mama anayeweza kuandika saini ya mtu na kuidumisha miaka arobaini bila benki kushtuka. Mama wa aina hiyo akitaka kutunga saini ya pili, yenye kutetemeka, ili aje adai hii ndiyo halisi, atashindwa na nini?

Sikuwa nimeliona hilo. Nilijisikia kama mtu aliyejifungia nje ya nyumba yake, na fundi hayupo.

Akataka mashahidi wa wosia. Wosia una mashahidi wawili. Wa kwanza ni fundi saa, jirani ya kibanda chetu, ambaye alimtangulia mume wangu kaburini kwa miezi miwili. Wa pili saini yake ni mzunguko mtupu, kama waya wa godoro, na hapakuwa na jina chini. Hakimu akasema bila shahidi hata mmoja aliye hai, na bila maandishi mengine ya mkono wa marehemu ya kulinganisha, hana pa kushika. Wosia utaanguka.

Na mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeshaibomoa ndoa.

Wakili akasimama. Akasema walitangaza kwenye gazeti wiki tatu mfululizo kumtafuta huyo shahidi wa pili, na kwamba asubuhi hii, wakati tunaingia, mama mmoja amejitokeza mlangoni. Hakuniambia mapema kwa sababu hakuwa na uhakika. Mimi nadhani alitaka kunilipiza ile ya kumkwepa, lakini saa hazikubali.

Akaingia mwanamke wa kama miaka hamsini, kiatu cha chini, mkoba wa vitabu. Nilimchunguza kama mnavyodhani. Alikuwa nadhifu.

Akala kiapo. Akasema yeye ni mwalimu, anafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Darasa lake lilikuwa chumba cha nyuma cha yule fundi saa, kila Jumanne na Alhamisi mchana. Marehemu alikuwa mwanafunzi wake kwa miaka miwili.

Jumanne na Alhamisi. Siku hizo mume wangu alikuwa anakwenda kwa fundi saa kucheza dama. Akirudi namuuliza nani kashinda, anasema, "Leo kanishinda." Miaka miwili. Nilikuwa nampa pole, namwongezea na nyama.

Mwalimu akaeleza kwamba wosia aliuandika yeye, kwa maneno ya marehemu, akamsomea mara tatu. Marehemu akausaini mwenyewe mbele yake na mbele ya fundi saa. Ilimchukua robo saa na jasho. Hakimu akamuuliza kwa nini mzee huyo alitaka kujua kuandika katika umri ule.

"Alisema mke wake amemsainia kila kitu maishani," mwalimu akajibu. "Akasema atakachompa yeye, hawezi kumwambia ajisainie."

Nilifungua mkoba wangu nikatafuta kitu. Hapakuwa na kitu ninachokitafuta. Nikaufunga.

Hakimu akakohoa. Akauliza kama mwalimu ana maandishi yoyote ya marehemu, ili yalinganishwe.

Akasema madaftari marehemu aliondoka nayo na hajui aliyaficha wapi. Ila anayo barua moja, ina saini. Isipokuwa si mali yake. Marehemu alimpa ndani ya bahasha iliyogundishwa, akamwambia amkabidhi mdogo wake mkononi. Yeye akasafiri kwenda kumuuguza binti yake, akakaa huko miezi, habari za msiba akazipata kwenye tangazo la gazeti.

Akaitoa. Bahasha ilikuwa na alama ya kidole cha grisi.

Hakimu akasema barua ni ya mpingaji, basi mpingaji aifungue aisome kwa sauti, kisha italetwa mezani ilinganishwe. Futi akapokea. Akachana pembeni, akatoa karatasi moja, akasimama nayo mgongo kwa dirisha.

Jua lilikuwa nyuma yake. Mume wangu alikuwa anaandika kama anavyotoboa chuma, alikandamiza kalamu mpaka maandishi yakaonekana upande wa pili. Kusoma kutoka nilipokaa sikuweza, yalikuwa kinyumenyume. Lakini kuhesabu niliweza. Mistari mitatu, na saini.

Futi akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma polepole, kwa sababu herufi ziliandikwa polepole.

"Mdogo wangu. Barua hii ndiyo ya kwanza kukuandikia mimi."

Kidole kikaenda mstari wa pili. Kikafika katikati. Kikasimama.

Niliona midomo yake ikisoma bila sauti. Mara moja. Mara ya pili. Kisha akainua macho akanitazama, na mimi nikajua mstari wa pili unahusu nini, kama vile niliuandika mwenyewe.

Hakimu akamwambia aendelee.

Futi akaendelea. Ila sasa alisoma haraka na vizuri, sauti imenyooka, kidole hakisogei. Alisoma: zile barua nyingine zote aliandika mke wangu kwa hisani yake, lakini ile ya mtoto, mdogo wangu mpenzi, ile nilimtamkia mwenyewe kila neno nikiwa kitandani hospitali, na nilikuwa nikilia wakati wote, na usije ukaitilia shaka hata siku moja.

Yalikuwa maneno matamu. Yalinitosha kama gauni la kwangu. Mume wangu hakuwahi kutamka mengi kiasi hicho kwa mpigo, achilia mbali kuyaandika, tena kwenye mistari mitatu.

Kumbe Futi naye alikuwa anaweza kuandika barua. Alichokosa ni karatasi.

Nikahesabu haraka. Karatasi ile ndiyo pekee duniani yenye saini ya kuiokoa nyumba yangu. Na ndiyo pekee inayoweza kusema kwamba sisi wawili, mimi kwenye kiti na yeye pale dirishani, tumeidanganya mahakama mchana kweupe.

Hakimu akavua miwani yake. Alikuwa amemtazama Futi, na alikuwa ameitazama karatasi, na jua lilikuwa limempendelea na yeye.

"Mzee," akasema, akanyoosha mkono. "Nipe hiyo."

Karani akasimama kwenda kuichukua. Futi akaikunja mara moja, akaikunja tena, akaishika kifuani juu ya koti la kaka yake. Alinigeukia mimi, mbele ya watu wote, kama vile tuko jikoni na kuna mgeni kaomba chumvi.

"Shemeji," akasema, "nimpe?"